Umeme Umerudi, Mashine Je?

Hapa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, tumezoea kuzungumza habari za umeme kukatika. Delestaje, yaani mkato huo wa umeme, ni neno ambalo hata mtoto asiyejua kusoma analijua, na kila nyumba ina hesabu yake ya saa ilizokaa gizani. Leo nataka tuzungumze dakika zinazofuata, pale taa inapowaka na mtaa mzima kupiga kelele za furaha. Umeme ukikatika, lawama ina mwenyewe: ni SNEL, shirika la umeme. Lakini umeme ukirudi, na kompyuta ya kituo cha afya ikabaki nyeusi, au ikawaka na kuganda kwenye maandishi meupe ambayo hakuna anayeyaelewa, lawama hiyo ni ya nani? Fundi huitwa, fundi hubonyeza, mashine huwaka, watu hushukuru na kusahau. Ninachodai ni hiki: katika mji ambao umeme wake hauaminiki, kujiwasha upya ndiyo kazi ngumu kuliko zote ambazo kompyuta hufanya, na ndiyo ambayo karibu hakuna anayeipima kabla ya mashine kuletwa hapa. Ipimwe kwa makusudi, na ipimwe na mashine nyingine, maana binadamu atachoka baada ya mara ya tano.

Tuanze na kitu chenyewe. Ndani ya kila kompyuta, simu au kile kisanduku cha intaneti chenye taa za kijani, kuna programu moja iliyo chini ya programu zote. Wataalamu huiita kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Hiyo ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayozungumza na diski, inayopokea kila herufi unayobonyeza. Kerneli inayotumika kuliko zote duniani ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana wa chuo kikuu huko Helsinki, na ndiyo iliyo ndani ya kila simu ya Android mnayoshika mikononi sasa hivi. Kuna jambo dogo la kuchekesha humo. Programu ikitaka kuiambia kerneli ya Linux izime na kuwasha mashine upya, lazima itaje namba mbili za siri, ili mashine isije ikajizima kwa bahati mbaya. Namba ya kwanza, ukiiandika kwa mtindo wa wahandisi, inasomeka kama maneno ya Kiingereza ya mtu anayejihisi amekufa. Ya pili ni tarehe ya kuzaliwa ya Torvalds mwenyewe, 28 Desemba 1969. Wameona kuwasha upya ni jambo zito kiasi cha kuliwekea kufuli mbili. Ila kufuli inalinda mlango wa kutokea tu. Mlango wa kurudia ni habari nyingine.

Ugumu wa kurudi unaonekana ukichungulia jinsi kompyuta ya kawaida ya mezani inavyojiwasha upya. Mtu angedhani kuna waya mmoja, unaguswa, basi. Sivyo. Kwenye kompyuta ya IBM ya mwaka 1984, ile iliyoitwa AT, wahandisi walipitisha amri ya kuanza upya kwenye kidude kinachosimamia kibodi, kwa kuwa kilikuwa na mguu mmoja usio na kazi. Miaka imepita, kompyuta zimebadilika mara nyingi, na bado kerneli ya Linux inaijua njia hiyo ya kibodi, pamoja na njia nyingine kadhaa, na ikishindwa moja huenda nyingine. Zaidi ya hapo, ndani ya kerneli kuna orodha ndefu ya majina ya mashine ambazo njia ya kawaida huzigandisha, kila moja na dawa yake. Mna mashine za Sony, za Apple, za Acer, na mna Dell kwa wingi, kama OptiPlex 745 na OptiPlex 990. Mashine za namna hiyo, zilizostaafu katika ofisi za Ulaya na Marekani, ndizo zinazouzwa mitumba katika miji ya kwetu. Kila jina kwenye orodha ile lina maana kwamba mtu fulani, mahali fulani, aliiamuru mashine yake ijiwashe upya, ikaganda, naye akapata subira ya kuandika taarifa. Mashine ambayo mwenyewe hakuandika haimo.

Na hapo tunazungumzia kuwasha upya kwa adabu, pale mashine inapoagizwa na kupata nafasi ya kufunga mafaili yake. Sisi wa kando ya ziwa tunajua namna nyingine, ya umeme kukatwa bila taarifa. Umeme wetu unatoka kwenye mto Ruzizi, ule ule unaoshuka kutoka Ziwa Kivu na kuingia Tanganyika hapa jirani, na mabwawa yake yanategemewa na watu wa nchi tatu. Huu umeme haukatiki tu, hupepesa. Hukatika nusu sekunde, hurudi ukiwa dhaifu, hukatika tena. Kwa kompyuta, nusu sekunde ni balaa kuliko saa nzima. Umeme ukikosekana saa nzima, kila kitu kwenye ubao wa saketi ndani ya kompyuta hupoa na kuanza upya safi. Ukikosekana nusu sekunde, baadhi ya vidude bado vimeshikilia chaji, vingine vimeshapoteza, na ubao unaamka nusu yake ikikumbuka na nusu ikiwa imesahau. Kisha kuna mambo mepesi yanayoumiza vilevile. Kompyuta nyingi za mezani, zikitoka kiwandani, zimepangwa zibaki zimezimwa umeme unaporudi, hadi mtu abonyeze kitufe. Nyingine betri yake ndogo ya saa imekufa, ikiwaka inaamini tuko miaka mingi nyuma, na kwa sababu hiyo inakataa kuzungumza na tovuti yoyote yenye ulinzi, kwani vyeti vya ulinzi vina tarehe. Bao ndogo za bei nafuu kama Raspberry Pi za matoleo ya awali hazina kabisa betri ya saa. Mashine kama hiyo imewaka, taa zake zinameremeta, na hakuna anayejua kwamba haifanyi kazi.

Je, jambo hili ni kubwa kiasi cha kulipotezea kipindi kizima cha redio? Nitatoa ushahidi wa hapa Uvira, na nitausema kwa uangalifu ili nisiubebeshe mzigo usio wake. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha tiba za kitropiki cha London, pamoja na wenzao wa hapa, walichapisha utafiti uliolinganisha vitabu viwili vya mji huu kuanzia 2009 hadi 2014: kitabu cha Regideso, shirika la maji, kinachoonyesha kila siku maji kiasi gani yametoka mtamboni, na kitabu cha kituo cha matibabu ya kipindupindu kinachoonyesha kila siku wagonjwa wangapi wamelazwa. Walikuta kwamba siku moja bila maji ya bomba hufuatiwa na ongezeko la asilimia 155 la wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zinazofuata. Karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile, asilimia 23 hivi, walihusishwa na maji kupungua au kukosekana. Na kukatika kwa umeme kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyousimamisha mtambo. Sisemi kwamba pampu zetu zinaendeshwa na Linux, wala sisemi kuna mtu aliugua kwa sababu kompyuta fulani iliganda. Ninachosema ni kwamba hapa Uvira tunao ushahidi uliopimwa, siyo wa kukisia, kwamba muda wa kusimama una gharama, na gharama hiyo inaendelea siku nyingi baada ya umeme kurudi. Kila saa ambayo chombo chochote cha huduma kinaiongeza juu ya saa za SNEL kwa kushindwa kurudi chenyewe, inaingia katika hesabu ile ile.

Sasa nasikia mtu anasema: unataka tupime nini? SNEL inatupimia kila siku, bure. Mashine iliyovumilia miaka miwili Uvira imeshafaulu mtihani wowote ambao mzungu anaweza kuutunga maabara. Pingamizi hili lina utamu wake, na nusu yake ni kweli. Lakini angalieni ule utafiti wa kipindupindu ulivyowezekana. Maji yalikuwa yakikatika Uvira tangu zamani, na watu wakiugua tangu zamani. Kukatika kuligeuka kuwa ushahidi siku watu walipokuwa wakiandika, kila siku, vitabu viwili vinavyoweza kuwekwa kando kwa kando. Bila kitabu, mikato elfu moja haifundishi kitu. Na katika ulimwengu wa kompyuta tunao mfano unaokata kabisa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin walichapisha matokeo ya chombo walichokiita CrashMonkey. Kazi yake ni kuigiza kukatika kwa umeme katikati ya kuandika mafaili, halafu kuangalia kama mfumo wa mafaili wa Linux utaamka na data iliyo sawa. Badala ya kungoja ajali, chombo kilipanga kwa utaratibu mfululizo mfupi wa shughuli, kikakata, kikakagua, kikaanza tena, maelfu kwa maelfu. Kilipata kasoro 10 ambazo hazikuwa zikijulikana, katika mifumo ya mafaili iliyokomaa na inayotumika sana. Na 7 kati ya hizo zilikuwa ndani ya kerneli tangu 2014. Fikirieni ni mara ngapi umeme ulikatika duniani kati ya 2014 na 2018, Uvira, Bujumbura, Lagos, Dhaka. Mikato yote hiyo haikuzifichua kasoro saba zile, kwa sababu aliyepoteza faili alidhani ni diski mbovu, au ni kirusi, au ni mkosi, akaendelea na maisha. SNEL inakata, lakini SNEL haiandiki.

Tatizo la pili la mtihani wa bure ni kwamba mashine inayopimwa haiwezi kujitolea ushahidi. Programu nyingi za kupima hukaa ndani ya kompyuta ile ile: zinaendesha jambo, zinaangalia matokeo, zinaandika limefaulu au limeshindwa. Kwa kuwasha upya haiwezekani, kwa kuwa mpimaji anakufa katikati ya kipimo. Aliyelala hasimulii mkoromo wake. Hata waandishi wa Linux, ambao wana hazina kubwa ya majaribio ndani ya kerneli yenyewe, kwa muda mrefu walipungukiwa hapa. Wana njia iitwayo kexec, iliyoingizwa mwaka 2005, inayoiwezesha kerneli moja kupakia nyingine kwenye kumbukumbu na kuruka moja kwa moja hadi hiyo mpya bila kupitia hatua ndefu za ubao kuamka. Ukisoma majaribio yaliyowekwa kwa ajili ya kexec mwaka 2019, yanahakikisha kwamba kerneli isiyo na sahihi ya kidijitali inakataliwa na yenye sahihi inapakiwa. Kisha yanaipakua na kwenda zao. Kuruka kwenyewe hakupimwi. Siwabezi, walipima kilichopimika kutoka ndani. Lakini huo ni mtihani wa udereva unaokoma pale mwanafunzi anapofunga mkanda.

Basi shahidi lazima akae nje, na kumweka nje si jambo la gharama kubwa. Inahitajika mashine ya pili, hata iwe ndogo na ya zamani. Mashine hiyo inashika swichi ya umeme inayoendeshwa na rilei, na inasoma waya wa siriali unaotoka kwenye mashine inayopimwa, waya ambao kerneli huandikia maneno yake tangu pumzi ya kwanza, kabla skrini haijajua chochote. Mashine-shahidi inakata umeme, inangoja, inarudisha, inasoma, inahesabu muda. Ikipita dakika tatu bila dalili zinazotakiwa, inaandika imeshindwa, inahifadhi maneno ya mwisho yaliyosomwa, kisha inakata tena na kuendelea. Usiku mmoja inaweza kufanya mara mamia kile ambacho fundi angefanya mara nne. Kuna hila moja inayostahili kusifiwa: kila Linux inapoamka hujipa namba mpya ya nasibu ya kuamka huko, isiyofanana na ya awali. Shahidi huisoma kabla na baada. Namba ikiwa ile ile, mashine haikujiwasha upya hata kama imesema imejiwasha. Inashangaza ni mara ngapi mashine husema hivyo. Baadaye shahidi anauliza maswali ya kawaida: tarehe ni ya leo? Diski imekubali kuandikwa? Huduma tuliyoinunulia mashine hii, iwe daftari la wagonjwa au kifaa cha kusoma kina cha ziwa, imeanza kujibu?

Urefu wa kukata nao usiwe mmoja. Hapa ndipo maabara za mbali hazitatusaidia, kwa maana mara nyingi hupima kwa mkato safi au kwa mashine za kuigiza ambazo hazina umeme kabisa. Mashine ya kuigiza ni nzuri kwa wingi na haraka, na itakamata kasoro za programu; haina kapasita, haina betri ya saa iliyozeeka, haina ubao uliovumilia vumbi la Ruzizi kiangazi chote. Jaribio la Uvira lifuate tabia ya umeme wa Uvira: nusu sekunde, sekunde mbili, mara tatu mfululizo, saa moja, kisha umeme hafifu. Aliye na subira arekodi wiki moja ya umeme wa mtaa wake, na mashine-shahidi iurudie mpangilio huo huo. Hapo SNEL itakuwa imetupimia kweli.

Pingamizi jingine ni la betri na sola. Watu wenye uwezo husema: weka betri ya dharura, weka paneli juu ya bati, na habari ya kuwasha upya imekwisha. Haijaisha. Betri huahirisha mkato, na betri ikichakaa hufa ghafla kuliko SNEL. Zaidi ya hapo, mashine isiyozimwa kamwe hukusanya maradhi ya kukaa macho. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kabisa mara kwa mara, kwa sababu iligundulika kwamba baada ya siku 248 za kuwashwa mfululizo kihesabu-muda ndani ya vidhibiti vya jenereta hujaa, na ndege inaweza kupoteza umeme wote. Wenye Linux waliushughulikia ugonjwa huu kwa ujanja ambao mimi binafsi naona ni somo zuri kuliko vitabu vingi. Kihesabu-muda cha kerneli, kwenye mashine za biti 32, kinaweza kujaa na kurudi sifuri baada ya siku 49 na ushei. Kasoro ya namna hiyo nani ataingoja siku 49? Wakaamua kihesabu kisianzie sifuri, kianzie karibu na kujaa, ili kigeuke dakika tano tu baada ya mashine kuwashwa. Jambo la nadra likavutwa hadi mlangoni, mchana, mbele ya mhandisi aliyeandika kosa. Upimaji wa kuwasha upya una nia hiyo hiyo.

Tena betri haisaidii kerneli ikiganda kwa kosa lake yenyewe. Linux ikikutana na kosa isiloweza kulivuka, kwa mpangilio wake wa awali huandika maneno ya kuaga na kusimama hapo milele, ikingoja binadamu. Kwenye chumba cha seva huko Ulaya, binadamu yuko ghorofa ya chini. Kwenye mlima juu ya Uvira, au kituo cha afya huko Fizi, binadamu anaweza kuwa Bukavu, na barabara ya Kamanyola tunaijua, mvua na vita vikipokezana kuifunga. Kuna mpangilio wa neno moja unaoiambia kerneli isingoje milele, ijiwashe upya baada ya sekunde kadhaa. Kuna pia saa ya ulinzi ndani ya vipande vingi vya silikoni: programu isipoigusa kwa muda uliowekwa, inaizima na kuiwasha mashine bila kuuliza. Mara nyingi ipo na imelazwa. Na ikiamshwa bila kupimwa huwa na upofu wake, kwa mfano inaguswa na programu ndogo iliyo hai wakati huduma kuu imekufa tangu asubuhi, nayo saa inaridhika. Jaribio zuri huiua huduma kwa makusudi, huigandisha kerneli kwa makusudi, na kutazama nani atastuka.

Hapa wahandisi wenyewe wana pingamizi, na ndilo naliheshimu kuliko yote. Wanasema kuwasha upya huficha ugonjwa: mashine inaganda, inajiwasha, hakuna anayeuliza sababu, na kosa linaishi miaka. Wengine wanaongeza kwamba mashine inayojiwasha bila akili yaweza kuzunguka bila mwisho. Wana ushahidi. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma faili moja bovu kwa wateja wake, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikaanguka. Viwanja vya ndege vilisimama, hospitali ziliahirisha kazi. Zile kompyuta zilikuwa zikijiwasha upya vizuri sana. Ziliamka, zikasoma faili lile lile mapema katika kuamka kwao, zikaanguka, zikaamka tena. Nyingi zilihitaji mtu aifikie kila mashine kwa miguu, aiamshe kwa namna ya pekee na kufuta faili. Je, hilo linavunja hoja yangu? Naona linaikaza. Kilichokosekana siku ile ni mtu kujaribu, kabla ya kutuma, kama mashine iliyopokea faili hilo itajiwasha na kufika. Jaribio moja la kuwasha upya kwenye kompyuta moja lingepiga kelele. Na swali la kuzunguka bila mwisho lina jibu linalojulikana: mashine ihesabu mara ilizoshindwa kuamka, na baada ya mara tatu irudi kwenye nakala ya zamani ya mfumo. Simu za Android zilianza kupewa nakala mbili namna hiyo tangu toleo la 7, mwaka 2016. Kuhusu ugonjwa uliofichwa, ndiyo maana kexec iliwekwa pamoja na njia ya kuhifadhi picha ya kumbukumbu wakati wa kuanguka, ili kerneli ndogo ya akiba iandike kilichotokea kabla ya kuwasha upya. Lakini picha hiyo nayo isipojaribiwa, siku ya haja utakuta diski imejaa.

Linabaki pingamizi la wanyonge: haya ni ya wakubwa, sisi wa Uvira ni wapokeaji tu wa mashine. Upo mradi uitwao KernelCI, ulio chini ya Linux Foundation tangu 2019, ambao hukusanya matokeo ya kuwasha kerneli mpya kwenye bao zilizotawanyika katika maabara za watu na kampuni mbalimbali. Mlango wake si wa mataifa tajiri pekee. Maabara ni chumba chenye bao, swichi na intaneti ya kadiri. Lakini hata tusipofika huko, mpokeaji ana nguvu moja ambayo kwetu haitumiki, nayo ni kuuliza kabla ya kusaini. Mashirika yanaleta kompyuta na tableti kwa hospitali, kwa shule, kwa ofisi za eneo. Mikataba inaandika ukubwa wa diski na upana wa skrini. Iandikwe pia kwamba mashine itakatwa umeme mara 200 bila taarifa mbele ya mpokeaji, kwa mpangilio wa umeme wa hapa, na irudi yenyewe kila mara. Mwuzaji atalalamika kwamba mikato hiyo inaharibu bidhaa. Hapo tutakuwa tumejua jambo la maana kuhusu bidhaa hiyo kabla ya kuilipia. Na mashine itakayotolewa mhanga ni moja tu kati ya zote zinazoletwa. Vijana wetu wanaosoma ufundi wa kompyuta mjini hapa wanaweza kuijenga mashine-shahidi kwa vipande vya mitumba, na hiyo ingekuwa kazi ya mtihani wa mwisho yenye faida kuliko tovuti nyingine ya hoteli isiyokuwepo.

Nikiri mpaka wa hoja hii. Mashine moja ikijua kurudi, haijarudisha mtandao wote. Umeme ukirudi mtaani, kompyuta ya kituo cha afya inaweza kuwa tayari baada ya dakika moja, kisanduku cha intaneti baada ya mbili, na mnara wa simu, wenye vifaa vyake na jenereta yake, ukachelewa kuliko wote. Programu nyingi huuliza mtandao mara moja tu zinapoamka. Zikikosa jibu hukata tamaa na kunyamaza hadi mtu azizime tena. Ripoti ya wagonjwa iliyopaswa kuondoka jioni inalala diskini, na huko inakongojewa wanadhani Uvira haina wagonjwa leo. Kwa hiyo mashine-shahidi isirudishe kila kitu kwa pamoja. Irudishe umeme, ishikilie waya wa mtandao kwa dakika ishirini, kisha iuachie, na ikae ikisikiliza upande wa pili kama ripoti itafika bila mtu kugusa kitu.